Krisanthemamu haitoi ua, au imetoa kabla ya wakati: kosa ni la taa ya usiku au la machicha ya kahawa?

Kabla hujagusa swichi, kabla hujafungua mfuko wa mbolea, zunguka shamba lote na uangalie tatizo limekaa wapi. Hii ndiyo kazi ya kwanza, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kosa la mwanga huwa na umbo la kipande cha ungo: limechongoka upande wa taa na kupanuka kadiri unavyoiacha taa nyuma, na penye kivuli cha ukuta au mti mimea iko sawa. Kosa la machicha ya kahawa, yaani mabaki ya kahawa iliyochemshwa ambayo watu humwaga shambani kama mbolea, hufuata ndoo: linaanza pale ulipoanza kumwaga na linakoma ndoo ilipoishia, hata kama ni katikati ya tuta. Kosa la baridi hufuata bonde, linakaa sehemu ya chini ya shamba ambako hewa baridi hutuama usiku. Ukishachora ramani hiyo kwenye karatasi, nusu ya jibu unayo mkononi.

Kwa nini taa ina nguvu hivyo

Krisanthemamu huhesabu giza. Ikipata usiku mrefu usiokatizwa, inaacha kurefuka na kuanza kutengeneza ua. Mbeya iko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta, Iringa inakaribia 8, kwa hiyo mchana wa Desemba hauzidi saa 12 na dakika 40 hivi, na wa Juni ni kama saa 11 na nusu. Kwa ua hili, mwaka mzima wa Nyanda za Juu Kusini ni msimu wa kuchanua. Ndiyo sababu kipandikizi kilichopandwa bila taa hutoa tumba kikiwa na urefu wa sentimita 25 au 30, na soko la maua ya kukata linataka shina la sentimita 70 na kuendelea.

Dawa yake ni kuukata usiku vipande viwili. Taa zinawashwa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 8 usiku, kila siku, kwa wiki 4 za kwanza baada ya kupanda. Giza huanza karibu saa 1 usiku, kwa hiyo mmea unapata saa 3 za giza, mwanga wa saa 4, kisha giza la saa 4 hadi 5 mpaka kupambazuke. Kanuni ya kushika ni hii: kipande kimoja cha giza kisizidi saa 7. Ukizima taa moja kwa moja, aina nyingi za kukata huchanua baada ya wiki 8 hadi 9. Anayelenga kuvuna tarehe 20 Desemba azime taa tarehe 18 Oktoba hivi, na awe amepanda karibu na tarehe 20 Septemba.

Pareto, ndugu yake wa karibu anayelimwa Umalila, Makete na Kilolo, haisomi saa kwa namna hii. Yeye anangoja baridi ndipo atoe ua. Usichukue uzoefu wa pareto ukauhamishia hapa.

Dalili: taa zimezimwa, wiki 4 zimepita, hakuna tumba

Anza na kilele. Kata ncha moja ya shina, chukua wembe au sindano, bandua majani machanga moja baada ya jingine kuelekea ndani, kisha tazama kwa lenzi au kwa kamera ya simu iliyosogezwa karibu. Kilele ambacho bado kinaota majani kimechongoka, na kila jani unalolitoa unakuta jingine dogo zaidi chini yake. Kilele kilichogeuka kutengeneza ua ni kifungo cha mviringo, kidogo kama kichwa cha pini, na majani yanaishia hapo. Ukikuta kifungo, ua liko njiani na shida yako ni kuchelewa tu. Ukikuta jani ndani ya jani, mmea haujapata usiku mrefu.

Sasa tafuta taa. Simama katikati ya tuta saa 3 usiku, uso wako ukiwa kwenye kimo cha majani, na uzunguke polepole. Taa yoyote unayoiona waziwazi, mmea nao unaiona. Taa ya ulinzi ya LED ya wati 30 inayoelekezwa shambani hutoa takriban luksi 34 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali) ukiwa mita 5, luksi 8 au 9 ukiwa mita 10, na luksi 2 ukiwa mita 20. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo. Kanuni ya kufanyia kazi: penye zaidi ya luksi 20 tegemea ua kuchelewa sana au kukosekana. Kati ya 5 na 20 inategemea aina ya ua na rangi ya taa. Chini ya 5 ni nadra kupata shida. Programu za simu za kupima luksi si sahihi sana kwa namba ndogo, lakini zinatosha kulinganisha tuta na tuta.

Mwezi mpevu hauna hatia, maana hautoi hata nusu luksi. Taa za gari linalopita barabarani nazo uziache, labda kama magari hukaa foleni mbele ya shamba lako.

Ukitaka ushahidi usiobishaniwa, tumia ndoo. Chagua mimea mitatu iliyo ndani ya eneo la mwanga na mitatu jirani yake. Ile ya kwanza ifunike kwa ndoo nyeusi ya lita 20 kila siku saa 12:30 jioni, uifunue saa 1 asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa usiku 21 mfululizo bila kuruka. Ndoo ya rangi nyepesi haifai kwa sababu inapitisha mwanga. Ipime kwanza kwa kuingiza kichwa ndani mchana. Iwapo iliyofunikwa imetoa tumba na jirani zake bado, mshtakiwa ni taa. Iwapo zote zimekaa kimya, mwanga umesafishika.

Marekebisho, kwa mpangilio wa gharama: geuza taa itazame chini na mbali na shamba, iwekee kofia ya bati pembeni, badilisha iwe ya kujiwasha inapohisi mtu ili izime yenyewe baada ya dakika moja, mwisho kabisa, weka nguo nzito nyeusi upande wa taa. Taa ya nguzo ya mtaa huwezi kuigeuza mwenyewe. Panda kitu kingine chini yake. Lakini usipande soya: nayo huhesabu usiku, na ile iliyo chini ya nguzo hubaki kijani kibichi na maganda machache wakati shamba zima limekauka. Kabichi, karoti na vitunguu vya majani havisumbuki.

Kama ni Juni au Julai na hakuna taa karibu, fikiria baridi. Ua hili hupendelea usiku wa nyuzi 16 hivi wakati tumba linaanza. Usiku wa Mbeya mjini kipindi hicho hushuka chini ya 10, na Makete au Njombe hufika kwenye jalidi. Hapo tumba linaanza polepole, wiki 9 zinakuwa 12, na petali nyeupe huweza kupata wekundu wa pinki. Kufunika matuta kwa plastiki iliyoshikwa na matao ya mianzi jioni kunasaidia. Kuongeza mbolea hakusaidii hata kidogo, kwa hiyo usiilishe mimea inayotetemeka.

Dalili: matumba yametoka mapema, shina bado fupi

Hapa taa zako mwenyewe ndizo zimekosea. Tafuta katika mambo matatu.

La kwanza ni umeme kukatika. Usiku mmoja bila taa hauna madhara makubwa. Miwili mpaka mitatu mfululizo inatosha kukigeuza kilele. Kama shamba lako liko kwenye njia ya umeme isiyotulia, betri ya sola yenye uwezo wa kuwasha balbu saa 4 ni sehemu ya mtaji, kama ilivyo mbegu.

La pili ni taima, na hili linawanyima watu mavuno bila wao kujua. Taima ya kuzungusha, ile ya bei nafuu yenye vijino pembeni, inaendeshwa na umeme wenyewe. Umeme ukikatika inasimama, ukirudi inaendelea pale ilipoishia. Umeme ukikosekana jumla ya saa 4 kwa wiki, taa zako zilizopangwa saa 4 usiku sasa zinawaka saa 8 usiku, na giza la kwanza limefika saa 7, ukingoni kabisa. Ukikosekana saa 6, zinawaka saa 10 alfajiri: mmea umekaa gizani saa 9, umeshaanza kutengeneza ua. Mkulima anapita saa 11 alfajiri, anaona taa zinawaka, anaridhika. Linganisha taima na saa ya simu kila baada ya umeme kukatika, au nunua ya kidijitali yenye betri yake ndani.

La tatu ni mwanga hafifu. Mmea unataka luksi 70 hadi 100 kwenye kimo cha majani, pembeni mwa tuta pia, si katikati tu. Kwa tuta la upana wa mita 1.2, balbu ya LED ya wati 9 yenye mwanga wa njano kila baada ya mita 1.5, ikining'inia mita 1.5 juu ya majani na kuvikwa kofia ya bati jeupe, hufikia kiwango hicho. Kadiri mimea inavyorefuka, pandisha waya. Chagua mwanga wa njano kwa sababu una wekundu mwingi kuliko ule mweupe wa kibuluu, na wekundu ndio unaoupa mmea habari kwamba kumekucha. Taa za buluu za mapambo hazifai kazi hii. Ukikuta safu ya pembeni ina matumba na ya katikati haina, umepata jibu: ongeza mwanga pembeni.

Tuta la mita 20 linahitaji balbu 14, yaani wati 126. Kwa saa 4 ni nusu uniti kwa usiku, uniti 14 kwa wiki 4. Unaweza kupunguza hadi theluthi kwa kuwasha dakika 10 na kuzima dakika 20, ukirudia tangu saa 4 hadi saa 8, lakini taima ya kawaida haiwezi mzunguko huo. Soketi na viungio viwe vya kuzuia maji, na saketi iwe na kikata umeme kinachoshtuka umeme unapovuja. Mvua za Novemba hazimsamehe mtu aliyefunga waya kwa mfuko wa nailoni.

Tumba likishatoka, uamuzi unategemea urefu. Shina likiwa limefika sentimita 45, zima taa zote na uache zichanue. Utauza kama maua mafupi ya mezani. Likiwa chini ya hapo, kata kilele juu ya jani zima la tano au la sita, rudisha taa wiki 3, kisha bakiza machipukizi 2 au 3 kwa kila mmea. Kosa baya ni kurudisha taa bila kukata. Tumba lililoanza kisha likarudishiwa mchana mrefu linadumaa, na chini yake yanatokea majani membamba marefu, yasiyo na meno, kama ya mkaratusi. Ukiyaona majani hayo kwenye shamba la mtu, jua kwamba taa zake ziliwahi kukatika.

Sasa machicha ya kahawa

Hapa tutofautishe vitu vitatu, maana ushauri wa kimoja ukitumika kwa kingine unaharibu. Machicha ni unga uliobaki baada ya kahawa kuchemshwa, unaopatikana hotelini na kwenye migahawa (kahawa ya kuyeyuka ya kopo haiachi kitu). Maganda mabichi ni nyama nyekundu ya tunda inayotoka kwenye mashine za kumenyea kule Mbozi na Mbinga msimu wa mavuno. Pumba ni ganda kavu linalotoka kahawa inapokobolewa. Machicha yana naitrojeni karibu asilimia 2, maganda mabichi yana potasi nyingi, na pumba hazina chakula kingi ila zinafaa kwa matandazo.

Majani ya chini yamekuwa ya njano wiki 2 au 3 baada ya kuweka machicha. Watu husema kahawa ni mbolea, basi iweje mmea uwe na njaa? Naitrojeni iliyomo imefungwa. Vijidudu vinavyoozesha machicha mabichi huichukua ile ya udongo kwanza, na mmea unasubiri. Yakwangue yaliyo juu, yapeleke kwenye rundo la mboji, na uupe kila mmea kifuniko kimoja cha soda cha CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, karibu gramu 5, sentimita 10 kutoka shina, kisha umwagilie. Majani mapya yakitoka na kijani chake ndani ya siku 10, umemaliza. Yale ya chini hayatarudi.

Maji yanateleza juu ya tuta. Machicha ni unga laini. Ukiweka tabaka nene, likikauka na jua la Septemba linakuwa gamba. Mwaga kikombe cha maji: yakikaa juu zaidi ya dakika moja au yakikimbilia pembeni, vunja gamba kwa reki na uchanganye na udongo wa juu. Kipimo salama ni lita 2 za machicha kwa mita moja ya mraba, unene wa milimita 2 tu, yakichanganywa na udongo na kufunikwa kwa majani makavu au mabua yaliyokatwakatwa. Usirudie kabla ya miezi 3.

Vipandikizi havitoi mizizi, au miche inadumaa. Kafeini na tindikali zilizobaki kwenye machicha huzuia mizizi michanga. Katika kitalu kiwango sahihi ni sifuri. Tumia mchanga wa mto na mboji iliyokomaa, basi.

Njano kati ya mishipa kwenye majani ya zamani, mishipa ikibaki kijani. Hii huonekana sana kwa waliomwaga maganda mabichi kwa wingi. Potasi ikizidi inauzuia mmea kuchukua magnesi, na udongo wa maeneo ya mvua nyingi kama Rungwe mara nyingi una magnesi kidogo tangu mwanzo. Nyunyizia chumvi ya Epsom, ambayo ina magnesi, gramu 10 kwa lita ya maji, jioni, mara 3 kwa kuachana wiki moja. Kabla ya msimu ujao weka chokaa ya dolomaiti, ile yenye magnesi, kulingana na kipimo cha udongo.

Njano hiyohiyo ikiwa kwenye majani machanga ya juu, geuza mawazo: hapo mmea unakosa chuma, na mara nyingi chanzo ni majivu. Mtu amesikia kahawa ina tindikali, akamwaga majivu ya jikoni ili kusawazisha, ndoo baada ya ndoo. Machicha yaliyokwishachemshwa hayana tindikali kali kiasi hicho, nyingi ilishaondoka na kinywaji. Krisanthemamu inataka pH ya 5.5 hadi 6.5. Acha majivu, pima udongo kabla ya kuongeza kitu chochote. Uyole wana kituo cha utafiti wa kilimo, na ofisa ugani wa kata atakuelekeza jinsi ya kuchukua sampuli.

Harufu kali, nzi wengi, shina linaoza usawa wa ardhi: maganda yamewekwa mabichi. Yarundike kwanza. Kwa kila ndoo 3 za maganda weka ndoo 3 za mabua au majani makavu na ndoo 1 ya samadi ya ng'ombe iliyokauka, mpaka rundo lifike kimo cha mita moja na nusu, ligeuzwe kila wiki. Katikati liwe na joto la kukufanya uondoe mkono. Mbozi linakomaa kwa miezi 2 hadi 3, Njombe na Makete wakati wa baridi liongezee mwezi mmoja au zaidi. Machicha kwenye rundo yasizidi ndoo 1 kwa kila 5. Ukungu mweupe unaoonekana juu yake ni sehemu ya kuoza, hauna shida.

Konokono hawazuiliwi na machicha, kwa hiyo usiyategemee kwa kazi hiyo. Na kama una mbwa wa ulinzi, funika rundo, kwa sababu kafeini ni sumu kwake.

Pale vyote viwili vinapokutana

Kuna hali inayochanganya: mmea mkubwa, majani mapana, kijani cha kukolea, laini, na ua halijatoka. Mmoja atasema ni taa, mwingine atasema mbolea imezidi. Rudi kwenye wembe na kilele. Naitrojeni ikizidi, na mara nyingi ni kwa sababu samadi ya kuku iliongezwa juu ya machicha, kifungo kipo ila kimechelewa wiki moja au zaidi, na shina limekuwa dhaifu kiasi cha kulala mvua ikipiga. Taa ikihusika, kifungo hakipo kabisa, na pingili zinaendelea kuongezeka wiki hadi wiki. Hesabu pingili kwenye mimea 5 uliyoifungia uzi, Jumatatu hii na Jumatatu ijayo. Zikiongezeka na hakuna kifungo, nenda kwenye taa. Zikisimama, punguza mbolea, mwagilia maji matupu wiki 2, na uweke nyavu au kamba za kushikilia shina kabla mvua haijaanza.

Unapotumia ndoo kufunika mimea katika hali hii, angalia upande wa chini wa majani kila asubuhi. Unyevu uliofungiwa usiku huleta kutu nyeupe, madoa ya njano hafifu juu na vipele vyeupe chini yake. Ukiyaona, ng'oa majani hayo, yachome nje ya shamba, na uinue ndoo kidogo juu ya mawe mawili upande usiotazama taa ili hewa ipite.